Mikono ya Nani?

Katika matanga ya Rangwe, kama kwingineko Homa Bay na Migori, pana meza, na mezani pana mtu mwenye daftari. Kila atoaye mchango huandikwa jina, kiasi na alikotoka. Baadaye orodha husomwa kwa kipaza sauti, kuanzia bahasha ya mheshimiwa hadi sukari na majani chai ya kikundi cha akina mama. Asiyesikia jina lake huinuka kulalamika, na ana haki. Ila daftari hilo halina safu ya mtu aliyemwogesha marehemu muda wote alipokuwa kitandani, akafua mashuka yake, akamwamsha usiku ameze dawa. Huyo, akibahatika, atapata sentensi moja katika hotuba ya mzee wa ukoo: familia ilisimama imara. Kisha kipaza sauti kinakwenda kwa chifu.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nitake toleo hili la gazeti letu. Tuliwaomba waandishi watuandikie jinsi watu wa wadi za Rangwe, yaani Kagan, Kochia na Gem zote mbili, ya mashariki na ya magharibi, walivyopata nguvu katika familia na katika imani ya Kikristo miaka ya dhiki ya UKIMWI. Tukawapa sharti moja: "familia" isiandikwe kana kwamba ni mtu, wala "kanisa". Useme ni nani katika familia hiyo na ni nani katika kanisa hilo. Baadhi walinung'unika kwamba tunawaharibia ladha ya habari. Huenda. Nililishikilia sharti hata hivyo, na sababu zangu ni hizi.

Virusi vya UKIMWI viligunduliwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Rais Moi aliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka 15, na kandokando ya Ziwa Victoria ndiyo miaka ambayo watu walikufa pasipo jina la kinachowaua. Wengi waliita chira, adhabu ya mwiko uliovunjwa, na kila boma lilikaa likichunguza ni nani alivunja nini. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walianza kazi katika hospitali ya Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 wakaanza kutoa dawa za ARV pale bila malipo, jambo ambalo hospitali za umma Kenya zilikuwa hazijalizoea. Serikali yenyewe ilizifanya dawa hizo kuwa za bure katika vituo vyake vyote mwaka 2006. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulipopima watu wazima ulikuta asilimia 19.6 ya walio Homa Bay wanaishi na virusi, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Hakuna kaunti iliyoizidi.

Kabla dawa hazijafika, mgonjwa wa Rangwe alikuwa na nyumba na maombi, basi. Ni kweli, kwa hiyo, kwamba familia na imani ndivyo vilivyobeba. Hilo silipingi, na msomaji anayetarajia mhariri akejeli maombi atafute gazeti lingine.

Lakini tuangalie mzigo ulitua kwa nani. Methali yetu humpa Mnyamwezi mzigo mzito. Rangwe alipewa nyanya. Zamani watoto walikwenda nyumba ya nyanya kulala na kusikiliza ngano, wakirudi kwa mama zao asubuhi. Katika miaka hiyo wengi hawakuwa na pa kurudi. Mwanamke aliyekwisha kulea wanawe na kuwazika alianza upya na wajukuu: karo, sare, viatu, malaria, uji wa alfajiri. Na makaratasi, ambayo sijasikia mhubiri yeyote akiyataja. Mtoto akisajiliwa kwa mtihani hudaiwa cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa kinataka habari za wazazi. Mzazi aliyezikwa nyuma ya nyumba hana cheti cha kifo. Na barua ya chifu ya kuthibitisha hayo yote inataka mtu aende, asubiri, aambiwe arudi Alhamisi. Mwenye miaka 70 hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii tangu 2018, zinapofika. Mwenye miaka 60 na wajukuu wanne hapati kitu kwa umri wake, na mpango wa serikali wa mayatima haukuwahi kuwatosha wote waliostahili. Tukisema "familia ilisimama", mwanamke huyo anayeyuka ndani ya neno, na pamoja naye inayeyuka hesabu ya anachodai.

Hapo ni nusu ya hoja. Nusu ya pili ni ngumu zaidi, na nimeona mahubiri mengi yakiipita kwa mbali. Tumezoea kutamka familia na imani kwa pumzi moja, kana kwamba ni mume na mke wasiogombana. Mambo niliyoyaona Rangwe, na ambayo waandishi wetu wameyarudia mmoja baada ya mwingine, ni kwamba mara nyingi kimoja kiliokoa mtu kwa kukizuia kingine.

Mchukue mjane. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inampa haki ya kuendelea kuishi katika mali ya mumewe. Bomani sheria hiyo husomwa na wachache. Shemeji wanataka shamba, au wanataka tero itimizwe, mjane achukuliwe na mwanamume wa ukoo, kwa sababu asipochukuliwa nyumba yake haiwezi kuanza kupanda, wala mwanawe hawezi kujenga. Mahindi yakinyauka, kosa ni lake. Mtoto akiugua, kosa ni lake. Wazee waliosema hivyo hawakuwa wote watu wabaya. Wengi waliamini kabisa kwamba wanalilinda boma. Mwanamke peke yake hawezi kuwashinda watu wa namna hiyo kwa hoja. Aliyeokoka aliweza. Alikuwa na wenzake wa kikundi cha Dorkasi kama ni Msabato, au wa Umoja wa Akina Mama kama ni Mwanglikana, au wa jumuiya ndogondogo kama ni Mkatoliki, nao walikuja na majembe, wakampalilia shamba bila kungoja ruhusa ya mtu, wakaimba, wakala, wakaondoka. Kukataa kwake kukawa na mashahidi. Hapo imani ilimpa nguvu dhidi ya familia.

Mambo yaligeuka pia. Dawa zilipofika walitokea wahubiri waliowaambia wagonjwa kwamba wameshapona, wazitupe. Wapo waliozitupa. Waliobaki hai katika kisa cha namna hiyo wana dada au shangazi aliyekuwa akihesabu vidonge kila Jumapili jioni, na siku hesabu ilipokataa aliinua sauti hadi majirani wakasikia. Shangazi huyo huenda alikuwa wa kanisa hilohilo. Hakuwa na elimu ya dini ya kumjibu mchungaji. Alikuwa na mtu mmoja asiyetaka kumzika. Hapo familia ndiyo iliyomwokoa mtu kutoka kwa mahubiri.

Margaret Ogola aliliona hili kabla yetu. Alikuwa daktari wa watoto, Mkatoliki wa dhati, aliyewahudumia watoto yatima wenye virusi katika kituo cha Cottolengo, Nairobi, na alifariki mwaka 2011. Riwaya yake *The River and the Source* ya 1994, ambayo maelfu ya vijana wa Kenya waliisoma kwa ajili ya mtihani, husifiwa kama utenzi wa familia ya Kijaluo. Wanaoisifu hivyo hukisahau kiini chake. Akoko anafiwa na mumewe, na anayemnyang'anya ni shemeji yake mwenyewe, anayekalia kiti cha mjukuu angali mtoto. Anatembea hadi Kisumu kumshtaki kwa serikali ya wakoloni. Binti yake Nyabera, mjane vilevile, anakwenda misheni, na mama mtu anafuata. Familia ile kubwa tunayoishangilia mwishoni mwa kitabu ilianza na wanawake waliotoka nje ya familia, wakapata pa kusimama.

Kusini mwa Nyanza misheni hizo zina umri sasa. Waadventista, Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo kutoka Nyasaland, walifika Gendia mwaka 1906. Wamisionari wa Mill Hill wakajenga Asumbi, humuhumu Rangwe, na jina la Asumbi likaenda mbali zaidi ya Asumbi yenyewe kwa sababu ya shirika la masista wenyeji, Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu, ambao wamefundisha na kuuguza bila kelele. Kisha mapema miaka ya 1960 likazuka kanisa la Legio Maria, ambalo kitovu chake cha hija, Got Kwer, kiko Migori. Kati ya waanzilishi wake, Simeo Ondeto anakumbukwa na kila mtu. Gaudencia Aoko anakumbukwa kidogo. Inasimuliwa kwamba aliwapoteza watoto wake wawili kwa siku moja, naye bado kijana. Akatoka kwenye msiba huo akihubiri na kubatiza, na umati ukamfuata. Miaka michache baadaye alitengana na uongozi, ambao ulikuwa umeshapanga vyeo vyake vya upadri kwa ajili ya wanaume. Unaweza kulipenda kanisa hilo au kutolipenda. Swali langu kwa kila kanisa, likiwemo langu, ni lilelile: mwanamke ambaye msiba wake ulilizaa ameandikwa wapi?

Maandiko yenyewe ni makali kuliko sisi katika jambo hili. Ugomvi wa kwanza ndani ya kanisa la Yerusalemu, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume, ulikuwa juu ya wajane waliorukwa katika mgao wa chakula wa kila siku. Mitume wangeweza kuitisha mfungo. Waliitisha uchaguzi, wakachaguliwa watu saba, na kitabu kinawataja wote saba kwa majina. Barua ya kwanza kwa Timotheo inakwenda hadi kuzungumzia orodha ya wajane, nani aingizwe na nani atunzwe na jamaa zake ili kanisa lisilemewe. Kinachojadiliwa hapo ni bajeti. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuamua kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa kanisa mashinani, nadhani walikuwa karibu na roho hiyo: majirani wachache wanaojua nyumba ipi haijapika leo. Zinapofanya kazi, hizo ndizo kanisa. Zinapogeuka kuwa tawi la kukusanya michango ya ukuta wa parokia, basi ni tawi la kukusanya michango.

Kuna sababu ya kuyasema haya sasa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kliniki za kandokando ya ziwa zilizokuwa zikiutegemea PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI, kwa zaidi ya miaka 20 zilitikiswa. Wahudumu wa jamii waliokuwa wakiwafuata nyumbani wagonjwa waliokosa siku yao ya kliniki waliambiwa kazi imeisha. Serikali ya Kenya ikaendelea kuziunganisha huduma za virusi na foleni ya kawaida ya wagonjwa wa nje, ambako anayekuja kuchukua dawa anasimama mbele ya jirani anayekuja kutibiwa kikohozi. Na tayari nasikia, kwenye semina na kwenye mimbari, jibu jepesi: familia na makanisa yataziba pengo.

Yapi? Nani? Kwa nauli gani ya boda boda? Nyanya wa miaka ya 1990 wengi wamelala makaburini. Wajukuu wao sasa ni watu wazima wenye watoto, wengine wao wakimeza dawa tangu utotoni, na kibarua chao ni cha siku kwa siku. Kanisa linaloahidi kuziba pengo na lionyeshe jina la atakayekwenda nyumba kwa nyumba, na fungu la fedha lililotengwa kwa ajili yake. Ukoo unaoahidi hivyo na useme ni binti yupi anatarajiwa kuacha shule. Wakishindwa kusema, ahadi yao ni ile sentensi ya matanga, imetangulia tu kabla ya kifo.

Nimeandika kwa ukali, najua, na niwatendee haki waandishi wetu kwa kusema kwamba si wote wanakubaliana nami. Mmoja wao, katekista mstaafu aliyezika wanne wa nyumba yake, aliusoma mwito wetu akatuma makala inayoupinga moja kwa moja. Anasema mhariri amefanya imani kuwa kazi za mikono kwa sababu mikono inahesabika. Anasema ulikuwapo usiku ambao hapakuwa na mtu wa kuja: wanawake wa jumuiya walikuwa kwenye misiba yao, dada zake walikuwa wameogopa, dawa zilikuwa bado hazijafika. Hakuna aliyembeba usiku huo ambaye angeweza kutajwa kwa jina, na bado alibebwa, na hataki mtu wa gazeti amwambie vinginevyo. Sharti letu analivunja kila ukurasa.

Nimeijadili makala hiyo na wenzangu ofisini kwa muda mrefu. Nilitafuta pa kuikosoa, nikapata mahali pawili pa nukta na mkato. Tumeiweka ya kwanza, ukurasa unaofuata huu, na nawaomba mwanze nayo.