Mshale wa Spidi Nao Ukaguliwe

Na Bakari Shekue

Barabara ya Tanga kwenda Pangani ilipokuwa ya vumbi, makorongo yenyewe yalimzuia dereva. Lami haimzuii mtu. Pale Tongoni, watoto wanapovuka kwenda shule na madrasa, wanategemea mguu wa dereva na mshale ulio mbele yake. Na kwenye Hiace kuukuu, zikiwemo zilizofungwa kitanda na jiko kwa wageni wanaokwenda kulala ufukweni, mshale huo si wa kuaminiwa hivi hivi.

Magari ya zamani yana waya unaotoka kwenye giaboksi hadi dashibodi. Waya unazungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Kikombe kinataka kuifuata, springi nyembamba kama unywele inakizuia, na hapo mshale unapata mahali pa kusimama. Sumaku ikichoka, mshale unasoma pungufu. Waya ukikauka grisi, mshale unatetemeka.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni matairi. Spidomita inahesabu mizunguko tu. Mtu akitoa tairi la kipenyo cha milimita 650 akafunga la 690 ili gari liinuke, mshale ukisoma 50 gari liko 53, na dereva anaamini kwa moyo safi kwamba hajavunja sheria. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu kipimo kizidishe mwendo kidogo. Kupunguza, hairuhusu kabisa.

Kupima si kazi ngumu. Simu yenye GPS inatosha, lakini aishike abiria, si dereva. Tafuteni mahali paliponyooka, shikilieni spidi moja mpaka namba itulie, kisha linganisheni. Ama tumieni nguzo za kilometa: mshale ukiwa 60, kilometa moja iishe kwa sekunde 60. Ikiisha kwa 56, mnakwenda 64.

Tofauti hizo si ndogo. Kutoka 50 hadi 60, umbali ambao gari linakwenda baada ya kukanyaga breki unaongezeka kwa asilimia 44.

Tochi ya trafiki humkuta dereva akiwa ameshakosea. Naomba wakaguzi wanapotazama breki, taa na matairi, wapime na mshale. Gari la abiria ambalo mshale wake unasoma chini ya mwendo halisi lisirudi barabarani mpaka lifungwe matairi ya saizi yake au spidomita itengenezwe.