Nani Aingie Katika Fizikia ya Nadharia?

Mvuvi wa Mangapwani hahitaji kalamu ili aijue siku ya bamvua. Ajua kwamba maji hujaa mno mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu, na kwamba kati ya nyakati hizo huja maji mafu. Ajua pia kwamba kila siku maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Elimu hiyo ni sahihi, nayo imelisha vizazi. Hata hivyo ni elimu ya "lini". Mwanafunzi anayeuliza "kwa nini" amekwisha kukanyaga kizingiti cha fizikia ya nadharia.

Tulitazame swali moja. Jua huivuta dunia kwa nguvu inayozidi ile ya mwezi zaidi ya mara 170. Mbona athari yake katika kujaa kwa maji haifiki nusu ya ile ya mwezi? Isaac Newton alionyesha njia mwaka 1687. Kinachoinua maji ni tofauti ya mvuto baina ya upande wa dunia ulio karibu na ule ulio mbali, na tofauti hiyo hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Mwanafunzi wa kidato cha sita aweza kulihakikisha hilo kwa karatasi moja.

Kwa hiyo siafikiani na wale wasemao kwamba mwanafunzi asilikaribie kundi la utafiti wa nadharia mpaka apate shahada ya kwanza. Kundi la namna hiyo ni walimu wachache, wanafunzi wao, ubao, kompyuta, na mkutano ambamo mmoja hueleza hesabu zake na wengine humkosoa. Mgeni hupewa makala ya zamani, akaambiwa ayafanye upya mahesabu yake hatua kwa hatua. Mwanzoni hafahamu hata nusu ya yanayosemwa, wala hiyo si aibu. Atakiwacho ni hisabati imara, hasa kalkulasi, na ujasiri wa kusema, "Hapa sikuelewa."

Wako waionao taaluma hii kuwa ni anasa kwa nchi zenye uhaba wa maji na umeme. Lakini aliyejifunza kuiandika bahari kwa milinganyo ndiye awezaye kukadiria mawimbi yanayomega fukwe zetu na mvua za masika. Abdus Salam wa Pakistan alirudi kwao mwaka 1951 kufundisha Lahore, akakosa wenzake wa kujadiliana nao, na mwaka 1954 akarudi Cambridge. Mwaka 1964 alianzisha mjini Trieste, Italia, Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia, ili wanasayansi wa nchi kama zetu wasilazimike kuchagua baina ya nchi yao na taaluma yao. Tangu mwaka 2018 kituo hicho kina taasisi mshirika mjini Kigali. Safari ya kijana wa Mangapwani imefupika.

Imebaki kazi ya walimu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kuwa aiskrimu kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, alichekwa. Baadaye alimwuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye akalipima jambo hilo badala ya kulicheka. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Ni maswali mangapi yamekufa darasani kwa kukosa msikilizaji?

Basi ndugu walimu wa sekondari, lipokeeni swali hata msipokuwa na jibu. Nasi wa vyuo vikuu hatuna budi kuwawekea viti wanafunzi wa shahada ya kwanza katika mikutano yetu. Nawe, ndugu mwanafunzi, usingoje kuitwa. Mwendee mwalimu ukiwa na swali moja na karatasi ya hesabu ulizojaribu, hata kama zimekwama katikati. Hapo zilipokwama ndipo mazungumzo yataanzia.