Kenya ni asilimia 90 safi? Kaulize jikoni kwa susu

Hiyo takwimu umeshaiona. Kila viongozi wetu wakipanda ndege kwenda mkutano wa tabianchi, inaanza kuzunguka kwenye simu: asilimia 90 hivi ya stima ya Kenya hutoka kwenye vyanzo safi. Na si uongo. Mvuke wa ardhini, ambao Olkaria ilianza kuugeuza kuwa stima mwaka 1981, unatoa karibu nusu. Mto Tana unaongezea, na kule Loiyangalani kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Kuna nchi tajiri ambazo bado zinahangaika kuzima mitambo ya makaa ya mawe. Hapo sisi tuko mbele, na tuna haki ya kujigamba kidogo.

Sasa panda matatu, twende Mukuyuni, Makueni.

Hapo ndipo anaishi susu, maana sisi Wakamba nyanya tunamwita hivyo. Juu ya paa lake kuna paneli ya sola niliyomnunulia kwa mpango wa lipa mdogo mdogo. Chini ya paa hilo, muthokoi unachemka juu ya mawe matatu kwa kuni. Mahindi yanasagwa kwa mashine ya dizeli, na bodaboda inayoyapeleka huko inakunywa petroli. Hapo kuna nishati za karne tatu tofauti, na zote anazilipia mtu mmoja.

Ndiyo maana ukitajiwa asilimia 90, uliza: asilimia 90 ya nini? Ni ya stima tu. Kwa makadirio ambayo Wizara ya Kawi imeyatumia miaka mingi, takriban theluthi mbili ya nishati yote tunayotumia nchini ni kuni, makaa na mabaki ya mimea. Mafuta ya petroli na jamii yake ni kama asilimia 22. Stima haifiki hata kumi. Kwa hivyo tunasifiwa kwa usafi wa sehemu ndogo kabisa ya sufuria.

Mimi si mhandisi. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokata. Lakini hesabu ya susu naijua, kwa sababu ni mimi ninayeituma kwa M-Pesa.

Mwaka jana kibarua changu Nairobi kiliisha na nikakaa wiki mbili bila kutuma malipo ya sola. Kampuni ikazima taa kutoka mbali, bila mtu kufika nyumbani. Fikiria hilo: jua la Ukambani linawaka mchana kutwa juu ya paneli, halafu usiku mzee anapapasa ukuta akitafuta kiberiti. Akarudi kwa koroboi. Na mafuta ya taa aliyonunua yana tozo ya shilingi 18 kwa kila lita, iliyowekwa mwaka 2018 ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Mwenye lori la dizeli chafu ndiye aliyelengwa, lakini mwenye koroboi naye analipa.

Kuna methali umeisikia tangu shule ya msingi: usiache mbachao kwa msala upitao. Nikiangalia sera zetu za nishati naona tunapokonywa mbachao, na msala wenyewe haujafika. Nitakuonyesha kwa mpangilio.

Mwaka huohuo wa 2018, mwezi Januari, gavana wa Kitui wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga. Lori moja la makaa likachomwa, kukazuka vita vya maneno na wafanyabiashara wa Kiambu. Sikatai, misitu ya Kitui ilikuwa inaisha, na faida kubwa ilikuwa inashuka Nairobi. Lakini mama aliyekuwa akiuza magunia mawili apate karo aliambiwa aache. Hakuambiwa aende wapi.

Tukasema sawa, tuhamie gesi. Julai 2021 gesi ya kupikia ikawekewa VAT ya asilimia 16. Mwaka uliofuata ikashuka hadi 8, na Julai 2023 ikaondolewa kabisa. Vifaa vya sola navyo vilipoteza msamaha wa VAT mwaka 2020, wakarudishiwa 2021. Ukiwa na mshahara, hayo ni mabadiliko ya bei tu. Ukiwa susu, ni sababu ya kutoamini tena. Mtungi wa kilo 6 anao, umekaa pembeni umefunikwa na kitambaa. Na hata ukijazwa, nani atapikia muthokoi gesi? Ile ni saa kadhaa za moto.

Jibu zuri lipo, na ni jungu la presha la stima. Linaivisha maharagwe kwa chini ya yuniti moja. Kenya Power yenyewe ina kampeni ya Pika na Power kutuhimiza. Lakini angalia mtego. Kuanzia Aprili 2023, bei nafuu ya wanyonge inawahusu wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi. Awali ilikuwa 100. Jungu likitumia nusu yuniti kila siku, hizo ni 15 kwa mwezi. Ongeza balbu, televisheni, simu za wajukuu na kifriji, umevuka 30 na unahamishiwa bei ya juu. Yaani mkono mmoja unakwambia pika na stima, na mwingine unakutoza kwa kutii.

Na kwa wasiofikiwa na nyaya? Kuna mradi wa KOSAP, dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia, wa kupeleka sola na majiko bora kwenye kaunti 14 zilizotambuliwa kuwa zimetengwa. Turkana imo, Kwale imo, na wanastahili. Makueni haimo, wala Kitui. Sisi si maskini vya kutosha kusaidiwa, wala si matajiri vya kutosha kujisaidia.

Wakati huohuo, ng'ambo ya Kitui, watu wa Bonde la Mui wamekaa zaidi ya miaka kumi wakisubiri makaa ya mawe. Akiba ilikadiriwa kuwa tani milioni 400, kampuni ya Kichina ya Fenxi ikapewa vitalu viwili, na makubaliano ya kugawana faida yakatiwa saini Desemba 2013. Migodi haikufunguliwa. Mtu ajenge nyumba ya mawe au angoje kufidiwa? Mimi sitaki yale makaa yachimbwe. Lakini kumwacha mtu njia panda muongo mzima si sera ya mazingira.

Utaniambia nalalamika tu. Basi sikia hili: soko la Kitonyoni, humuhumu Makueni, lilipata mtambo wa sola wa kilowati 13.5 mwaka 2012, kwa mradi wa Chuo Kikuu cha Southampton. Paneli ziliwekwa kama paa la pamoja linalokinga pia maji ya mvua, na wenyeji wakauendesha kwa ushirika. Duka, zahanati na shule vikapata stima. Hakuna aliyeambiwa kila mtu ajinunulie jua lake kwa mkopo.

Hapo ndipo ninapoona njia. Kwanza mtambo wa pamoja sokoni, ili mashine ya posho iache dizeli. Pili, atakayepika kwa stima asipokonywe bei nafuu. Tatu, ukiondoa kitu cha zamani kwa sheria, kipya kiwe kimeshafika siku hiyo, tena kwa bei isiyobadilika kila bajeti. Haya yote yanapitia bunge na kaunti, na ushirikishaji wa umma uko kwenye Katiba. Vikao hivyo tunawaachia wazee, halafu tunakuja kulia X.

Ukienda ocha Desemba, usipige picha ya paneli ya paani ukaridhika. Ingia jikoni. Macho yakikuwasha kwa moshi, utakuwa umejua asilimia yenu ni ngapi. Kisha uliza kamati ya bajeti ya wadi yenu inakutana lini.