Uvivu Haukuziandika Hati za Ardhi

Imani iliyoenea nchini Kenya, maofisini na katika mikutano ya kisiasa, makanisani na hata katika mazungumzo ya Wapwani wenyewe, hudai kwamba umaskini wa sehemu kama Vitengeni, katika eneo bunge la Ganze, ni zao la uvivu. Kwa mujibu wa imani hiyo, Wakenya wote wamekuwa sawa mbele ya sheria tangu Uhuru, na kwa hiyo yeyote aliyebaki nyuma amejichelewesha mwenyewe kwa kupenda ngoma, mnazi na kivuli cha mwembe. Mvuto wa imani hii ni kwamba humwondolea kila mtu lawama isipokuwa maskini: aliyenacho huambiwa kuwa amestahili, serikali huambiwa kuwa imetimiza wajibu wake, na asiyenacho hupewa nasaha mahali pa haki. Makala haya yanashikilia kwamba imani hiyo inapingana na historia yenyewe, kwa maana watu wa bara ya Kilifi walifukarishwa zaidi katika kipindi ambacho bidii yao ilikuwa dhahiri kuliko wakati mwingine wowote, na walifukarishwa kwa sababu bidii hiyo ilikuwa kwa manufaa yao wenyewe.

Chanzo cha kosa ni kuchanganya aina mbili za usawa. Usawa wa kisheria ni ule unaomtambua kila raia kuwa na haki zilezile mahakamani, katika kupiga kura na katika kumiliki mali, ilhali usawa wa hali huhusu kile ambacho watu wanacho kweli, yaani ardhi, maji, elimu, barabara na mtaji wa kuanzia maisha. Usawa wa kwanza unaweza kutangazwa kwa siku moja, bali wa pili hujengwa au hubomolewa kwa vizazi. Wanaohubiri uvivu huchukulia kwamba tangazo la kwanza hufuta papo hapo yote yaliyotendeka kabla yake, na wanapotakiwa ushahidi, mara nyingi huelekeza kidole Marekani, nchi inayosifiwa kwamba humpandisha yeyote mwenye juhudi.

Sifa hiyo ilienezwa kwa kiasi kikubwa na fasihi. Katika karne ya 19, Horatio Alger aliwaandikia vijana wa Marekani hadithi nyingi kuhusu watoto fukara wanaopanda ngazi ya maisha kwa uaminifu na bidii, na mojawapo iliyovuma zaidi ni Ragged Dick ya 1868, inayomhusu kijana mng'arisha viatu wa New York. Wanaomtaja Alger huwa hawakumbuki jinsi hadithi hiyo inavyomalizika, kwani kijana huyo hapati kazi ya ukarani kwa kung'arisha viatu vingi zaidi, bali kwa kumwokoa mtoto aliyeanguka majini, ambaye baba yake hutokea kuwa tajiri mwenye shukrani. Ikiwa hata riwaya iliyotungwa kusifu bidii imeshindwa kumtajirisha shujaa wake bila bahati na mfadhili, ni vigumu kuona kwa nini mkulima wa Vitengeni adaiwe kufanya kile ambacho mhusika wa kubuniwa hakukiweza.

Historia ya Marekani inaikanusha sifa hiyo kwa ukali zaidi. Tangazo la Uhuru la 1776 lilitamka kwamba watu wote wameumbwa sawa, na mwandishi wake mkuu, Thomas Jefferson, alimiliki mamia ya watumwa katika maisha yake. Utumwa ulipofutwa katika mji mkuu wa Washington mwaka 1862, serikali iliwalipa fidia wenye watumwa hadi dola 300 kwa kila mtumwa, na mtumwa mwenyewe aliahidiwa fedha ikiwa tu angekubali kuihama nchi. Januari 1865 Jenerali William Sherman aliamuru waliokuwa watumwa wagawiwe mashamba ya hadi ekari 40 katika pwani ya majimbo ya kusini, na watu takriban 40,000 wakawa wamekwisha kukaa humo, lakini kabla ya mwaka kwisha Rais Andrew Johnson aliamuru sehemu kubwa ya ardhi hiyo irudishwe kwa mabwana wa zamani walioipigania kambi ya utumwa. Katika miaka hiyohiyo, sheria ya makazi ya 1862 iligawa ekari 160 kwa kila familia iliyokubali kulima mbuga za magharibi, ardhi iliyonyang'anywa wenyeji wa asili, na waliofaidika walikuwa Wazungu kwa wingi usio na mfano. Marekebisho ya 14 ya Katiba yalileta ulinzi sawa wa sheria mwaka 1868, nayo Mahakama ya Juu ikaamua mwaka 1896 kwamba kuwatenga watu kwa rangi hakuvunji usawa huo. Haishangazi basi kwamba kufikia 2022, zaidi ya nusu karne baada ya sheria za haki za kiraia za 1964 na 1965, familia ya Kizungu ya wastani nchini humo ilikuwa na mali inayozidi mara 6 ile ya familia ya Weusi. Marekani, ikichunguzwa, ni ushahidi wa jinsi tangazo la usawa linavyoweza kuishi karne nzima nyumba moja na unyang'anyi.

Pwani ya Kenya ilipitia njia inayofanana na hiyo kiasi cha kutisha. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Malindi ilikuwa ghala la nafaka la Afrika Mashariki, na nafaka hiyo ilizalishwa kwa jasho la watumwa. Mashamba hayo yalipoanza kudhoofika, Wagiriama waliokuwa wakienea kuelekea kaskazini walivuka Mto Sabaki, wakafyeka misitu, wakalima mahindi na mtama, na wakawa ndio wanaoilisha Malindi na kuuza ziada kwa wafanyabiashara wake. Utumwa ulipofutwa rasmi katika pwani hiyo mwaka 1907, utawala wa Kiingereza ulifanya kama Washington ilivyofanya: uliwalipa fidia wenye watumwa, na waliotumikishwa hawakupata ardhi.

Kilichofuata ndicho kinachowaumbua wahubiri wa uvivu. Walowezi walitaka vibarua wa mashamba yao ya mpira na pamba, serikali ilitaka kodi na watu wa kujenga barabara, na Wagiriama, waliokuwa na chakula na soko, hawakuona sababu ya kuacha mashamba yao ili wakafanye kazi ya ujira duni katika mashamba ya wengine. Hapo ndipo maofisa wa kikoloni walipoanza kuwaita wavivu, jina ambalo katika vinywa vyao lilimaanisha mtu anayejifanyia kazi mwenyewe. Ofisa mmoja wao, Arthur Champion, alipelekwa katika nchi ya Wagiriama mwaka 1912 kuwatoza kodi na kuwapeleka vijana kazini, na mwaka 1913 mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, pamoja na Wanje wa Mwadorikola, aliwaapisha wanawake na wanaume wasitoe kodi wala vijana wao. Walikamatwa Oktoba mwaka huo na kupelekwa uhamishoni Kisii, walikotoroka. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti, nyumba zikachomwa, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000, wakadaiwa watu 1,000 wa kufanya kazi ya vita, na kuamriwa wahame kutoka kaskazini ya Sabaki, ambako ndiko kulikokuwa na ardhi yao yenye rutuba zaidi. Baadaye serikali yenyewe ilibidi iwaachie warudi, lakini biashara ya nafaka ilikuwa imekwisha kuvunjwa na njaa imekwisha kupiga. Watu hao walipigwa kwa kuwa walifanya kazi bila kumtegemea bwana.

Wakati huohuo sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilikuwa ikikamilisha kwa kalamu kile ambacho baruti haikukifikia. Sheria hiyo ilihusu ukanda wa maili 10, yaani takriban kilomita 16 kutoka baharini, uliokuwa rasmi chini ya Sultani wa Zanzibar, nayo ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ajitokeze na kuthibitisha umiliki wake wa binafsi, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa mali ya Serikali ya Kifalme. Mijikenda, yaani Wagiriama na jamii ndugu zao, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ambao serikali ilishikilia kwamba mahali pao ni katika hifadhi za wenyeji nyuma ya ukanda huo, walibaki bila hati juu ya mashamba waliyoyalima. Vitengeni, iliyoko magharibi ya Msitu wa Arabuko-Sokoke ambako mvua ni haba, ni sehemu ya bara hiyo waliyoachiwa. Uhuru haukulibadilisha jambo hili, kwa kuwa katika makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyouunganisha ukanda huo na Kenya, Jomo Kenyatta aliahidi kwamba hati zilizokwisha kusajiliwa zingetambuliwa daima. Ndiyo maana hadi leo maelfu ya familia za Kilifi huitwa maskwota, yaani wanaokaa kwenye ardhi isiyo yao kisheria, katika viwanja walikozikwa babu zao. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini methali hiyo ilitungwa kabla upwa haujazungushiwa ukuta na kuwekewa mlinzi.

Baada ya ardhi ikaja bajeti. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965, uliotangaza Ujamaa wa Kiafrika, ulipendekeza kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, kwa hoja kwamba faida ingetambaa kufikia kwingine. Mwaka huohuo mwanauchumi Barack Obama, baba wa rais wa baadaye wa Marekani, aliuchambua waraka huo hadharani katika East Africa Journal, akihoji kama kweli ungepunguza matabaka na mkusanyiko wa mali. Inafaa kukumbukwa kwamba mwanawe aliposhinda urais mwaka 2008, Kenya ilitangaza siku ya mapumziko na wengi wakauchukua ushindi huo kuwa uthibitisho wa imani ya bidii, huku onyo la baba likiwa halisomwi.

Wapo watakaojibu kwamba hayo ni ya kale, kwamba ugatuzi umeipa Kaunti ya Kilifi fedha tangu 2013, na kwamba wapo wana wa Ganze waliofika vyuo vikuu na ofisi kubwa. Ubadhirifu wa viongozi wa nyumbani ni kweli na haustahili kufunikwa, lakini haukuanza kuifukarisha Vitengeni, na anayeutumia kuificha 1908 na 1914 anamlinda mwizi mmoja kwa kumtaja mwingine. Waliofaulu nao wanathibitisha kwamba kipaji kipo, jambo linaloiongezea uzito kesi dhidi ya mfumo unaokiacha kipaji hicho kioze kwa wengine. Kuhusu ukale, hati ya ardhi haizeeki: hurithiwa, huuzwa na huwekwa rehani benki, na ikiwa faida yake inarithiwa kihalali, haiwezekani hasara yake iitwe tabia ya aliyenyimwa.

Katiba ya 2010 yenyewe haikubaliani na imani hii. Ibara ya 27 inaiagiza serikali kuchukua hatua za kurekebisha hasara zilizotokana na ubaguzi wa zamani, Ibara ya 67 inaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria, na Ibara ya 204 inatenga nusu ya asilimia 1 ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizotengwa, Kilifi ikiwa miongoni mwa kaunti 14 zilizoorodheshwa mwanzoni. Hata hivyo Hazina ya Usawazishaji, iliyoundwa na ibara hiyo ya mwisho, imecheleweshwa kwa miaka, na sheria ya 2016 ikawapa waliodhulumiwa tangu 1895 miaka 5 tu ya kuwasilisha madai ya zaidi ya karne. Uzembe upo, basi, na anayeutafuta hana haja ya kusafiri hadi Vitengeni, kwa kuwa ataupata katika ofisi zilizokabidhiwa ibara hizo na zikazikalia.