Nyuzi 45 na Fimbo ya Gofu: Tufundishe na Mipaka ya Kanuni

Mwanafunzi wa fizikia akiulizwa kitu kirushwe kwa pembe gani ili kifike mbali kabisa, hujibu bila kusita: nyuzi 45. Jibu hilo humpatia alama katika mtihani. Lakini akienda kwenye uwanja wa gofu atakuta jambo la kumshangaza. Fimbo ipelekayo mpira mbali kuliko zote, iitwayo draiva, uso wake umeinama kwa nyuzi 10 hivi tu. Fimbo ambayo uso wake umeinama kwa karibu nyuzi 45 hutumiwa kwa masafa mafupi. Je, wachezaji hawajui fizikia, au ni sisi tunaoifundisha nusu? Maoni yangu ni kwamba kosa ni letu, na gofu, ingawa wengi huiona kuwa mchezo wa wenye nafasi, yaweza kutusaidia kulisahihisha.

Kwanza tutazame pigo lenyewe. Draiva ina urefu wa sentimita 115 hivi. Fimbo ya chuma namba 7 ina kama sentimita 94. Kichwa cha draiva kikiwa mbali zaidi na kitovu cha mzunguko, hupata kasi kubwa zaidi. Fimbo zote mbili huchora tao: kichwa hushuka, hufika chini kabisa, kisha hupanda. Tofauti ni mahali mpira unapokutana na tao hilo. Mpira wa fimbo ya chuma hukaa juu ya nyasi, karibu na katikati ya miguu, nao hupigwa kichwa kingali kinashuka. Mpira wa draiva huinuliwa juu ya kijiti na kuwekwa mbele, mkabala na kisigino cha mguu wa kushoto kwa mchezaji atumiaye mkono wa kulia, ili upigwe tao likiwa limefika chini au linaanza kupanda. Anayeanza kujifunza hudhani kuwa fimbo ya chuma yapasa kuuchota mpira ili upande. Sivyo. Kinachoupandisha ni mwinamo wa uso wa fimbo.

Sasa tupige hesabu. Mpira wa mchezaji hodari huondoka kwenye draiva kwa kasi ya mita 75 hivi kwa sekunde, kwa pembe ya nyuzi 11 hivi. Kwa kanuni ya vitabuni, isiyohesabu hewa, ungetua mita 215 mbele. Kwa kweli hutua karibu mita 250. Hewa, tuliyozoea kuiita kizuizi, imeuongezea mpira safari!

Sababu ni mzunguko. Mpira huondoka ukizunguka kinyumenyume, mara 2,700 hivi kwa dakika. Mzunguko huo huisukuma hewa kuelekea chini. Nayo hewa, kwa kanuni ya tatu ya Newton, huusukuma mpira kuelekea juu. Profesa Peter Guthrie Tait wa Edinburgh alilieleza jambo hili katika miaka ya 1890. Vishimo vidogo vilivyojaa juu ya mpira navyo hupunguza ukinzani wa hewa. Basi kwa kuwa hewa yenyewe hubeba sehemu ya kazi ya kuinua, mpigaji hutumia sehemu kubwa ya kasi kwenda mbele. Uso ulioinama sana hufanya kinyume: huusugua mpira zaidi ya kuusukuma. Hata fimbo namba 7 huuzungusha mara 7,000 hivi kwa dakika, ukapanda juu, ukashuka wima, na kusimama upesi. Hilo ndilo linalotakiwa karibu na shimo.

Je, nyuzi 45 ni uongo? Hasha. Mwezini, ambako hakuna hewa ya kuinua wala ya kuzuia, kanuni hiyo ingetimia barabara. Mwaka 1971 Alan Shepard, mwanaanga wa Apollo 14, alipiga mipira ya gofu huko kwa kichwa cha fimbo ya chuma namba 6. Mzunguko wa mipira ile haukuweza kuiinua hata kidogo.

Walimu wengine watasema kuwa anayeanza hawezi kubebeshwa mzigo wa hewa. Nakubaliana nao. Kuiacha hewa kando ni njia njema ya kuanzia. Lakini kuiacha bila kusema kwamba tumeiacha ni jambo jingine. Mwanafunzi aliyepewa kanuni isiyo na mipaka, siku atakapoona dunia inaikana, atadhani kuwa sayansi ni maneno ya vitabuni tu. Hasara hiyo ni kubwa kuliko alama za mtihani.

Kwa hiyo kila mwalimu aandikapo kanuni ubaoni, na aandike chini yake masharti yake. Kisha awape wanafunzi swali hili: hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa, pigo lile lile la draiva litafika wapi mbali zaidi, na kwa nini? Wakibishana juu ya kuinua na kuzuia, watakuwa wameanza kufikiri kama wanasayansi.