Hesabu Kwanza, Mwandiko Baadaye: Tarehe Katika Kompyuta na Safari za Usiku Ziwani

Kwa miongo mingi meli za abiria baina ya Mwanza na Bukoba zimezoea kusafiri usiku. Ikiwa meli imeng'oa nanga saa 3 usiku na kutia nanga saa 12 asubuhi, mtoto yeyote wa Kirumba atasema kwamba safari imechukua saa 9, kwani 12 ukitoa 3 hubaki 9. Lakini kompyuta ikipewa nyakati hizo hizo kwa desturi ya kimataifa, yaani 21:00 na 06:00, na ikaagizwa kutoa tu, itajibu kwamba safari ilichukua saa hasi 15. Kompyuta haikukosea kutoa. Aliyekosea ni mwanadamu aliyedhani kwamba mwandiko wa wakati ni wakati wenyewe.

Kosa hili ni dogo kwa kulitazama, lakini matokeo yake si madogo. Afisa wa bandari anayetaka kujua kama chombo kimechelewa, mtafiti anayepima kina cha ziwa na mganga anayehesabu siku za dozi, wote hutegemea tofauti kati ya tarehe mbili. Kwa sababu hiyo yafaa mwanafunzi anayeanza kujifunza kuandika programu afundishwe jambo moja mapema: hesabu kwanza, mwandiko baadaye.

Wapo wanaodhani kwamba tatizo limeletwa na saa za Kiswahili, na kwamba dawa ni kuziacha. Fikra hiyo haina msingi. Mwanza iko karibu nyuzi 2 na nusu kusini mwa Ikweta. Urefu wa mchana hubadilika kidogo sana mwaka mzima, hivyo ni jambo la akili kuanza kuhesabu saa pale usiku unapoingia na pale mchana unapoanza. Ndiyo maana safari ya usiku ilihesabika bila taabu. Hata hivyo, mfumo huo nao una mpaka wake. Mtumbwi ulioondoka saa 10 alasiri ukafika kisiwani saa 2 usiku umesafiri saa 4, lakini 2 ukitoa 10 ni hasi 8. Mfumo mmoja hukatika saa 6 usiku. Mwingine hukatika magharibi na alfajiri. Kila mwandiko wa saa una mahali unapokatika, ilhali wakati wenyewe haukatiki.

Dawa, basi, ni kuhesabu mfululizo kutoka siku moja iliyochaguliwa. Mifumo mingi ya kompyuta imechagua tarehe 1 Januari 1970 kuwa siku ya sifuri. Na ichukuliwe tarehe 21 Mei 1996, siku ya msiba wa meli ya MV Bukoba, ambayo Watanzania wengi wanaikumbuka. Kutoka mwanzo wa 1970 hadi mwanzo wa 1996 ni miaka 26, yaani siku 9,490, pamoja na siku 6 za miaka mirefu: jumla 9,496. Kutoka 1 Januari hadi 21 Mei 1996 ni siku 141. Hivyo siku hiyo ni ya 9,637. Ukigawanya kwa 7, hubaki 5. Na kwa kuwa 1 Januari 1970 ilikuwa Alhamisi, siku ya tano baada yake ni Jumanne. Ndivyo ilivyokuwa. Meli hiyo ilikuwa safarini tangu usiku wa kuamkia Jumanne, na Kiswahili chenyewe katika neno hilo "kuamkia" kinaonyesha kwamba usiku mmoja hugusa tarehe mbili.

Hatari nyingine imo katika kusoma tarehe. Mwandiko 03/04/2024 ni 3 Aprili kwa Mtanzania, lakini kwa Mmarekani ni 4 Machi. Ubaya wake huonekana katika uvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali mavuno hupungua. Kutoka 4 Machi hadi 3 Aprili ni siku 30, na mwezi wa angani huchukua takriban siku 29 na nusu kurudi katika hali ile ile. Kwa hiyo programu ikigeuza siku kuwa mwezi, rekodi iliyokosewa itaangukia karibu hali ile ile ya mwezi, na mtafiti hatashtuka hata kidogo. Kosa litakuwa limejificha ndani ya data. Kinga yake ni kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-04-03. Kanuni hiyo ya kimataifa ilitolewa mwaka 1988.

Hata majina ya siku yanadai uangalifu. Jumatatu ni siku ya tatu kwa anayeanza na Jumamosi. Katika kanuni hiyo ya kimataifa ni ya kwanza, na baadhi ya lugha za programu huipa nambari 1 kwa kuwa Jumapili ni sifuri.

Mwalimu mwenye haraka atasema kwamba lugha za programu zina fomula tayari za kazi hizi zote. Ni kweli, na ni vizuri zitumike. Lakini fomula hutii dhana za aliyeitunga. Itaipokea 03/04 bila kuuliza imeandikwa na nani, na itajibu kwa uhakika ule ule, iwe sawa au si sawa. Asiyejua hesabu iliyomo ndani hana namna ya kulitilia shaka jibu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza darasani isiwe kukariri fomula. Wanafunzi wapewe karatasi na ratiba ya meli, wahesabu safari kwa saa za Kiswahili na za kimataifa, waone kila mfumo unakatika wapi, ndipo waandike programu. Shule isiyo na kompyuta hata moja inaweza kuanza somo hili kesho asubuhi.