Nani Atampeleka Mwenye Kikohozi?

Nani nyumbani kwenu anakohoa? Sisemi kile kikohozi cha vumbi kinachokuja na kuondoka. Nasema kile mlichokizoea, kiasi kwamba kikinyamaza usiku ndipo mnaposhtuka.

Mmesikia redioni habari za akili mnemba, au akili unde kama wengine wanavyoiita. Wengi tunadhani ni mambo ya vijana na simu zao. Lakini ipo kazi yake moja isiyo na makeke: kusoma picha ya kifua na kutafuta dalili za kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi hayo mwaka 2021, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, hata pale pasipo na daktari wa kusoma picha.

Kwa nini yalihitajika? Shirika hilo linakadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani. Waliogunduliwa na kuandikishwa walikuwa milioni 8.2. Hao wengine wako wapi? Wako kwenye daladala, wako machimboni, wako safu moja na sisi msikitini na benchi moja na sisi kanisani. Na wengi wao hawajui.

Niliwahi kumsindikiza mzee jirani yangu kwenye upimaji uliofanyika kando ya soko, chini ya turubai. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo. Ziko ambazo hazifiki hata kilo nne, zinatumia betri, na programu yake inaweza kusoma picha bila intaneti.

"Shikamoo mzee. Naomba uvue shati, na hizo funguo za shingoni pia."

"Marahaba, mwanangu. Hizi za banda la kuku."

"Kuku hawaendi popote, babu. Vuta pumzi. Shikilia hapo hapo. Haya, pumua."

Mzee hajamaliza kufunga vifungo, picha yake iko kwenye kompyuta. Juu ya pafu la kulia palikuwa na wekundu, kama mtu amemwagia juisi ya rozela. Pembeni namba: 71 kati ya 100.

Namba ile si hukumu, tuelewane hapo. Programu imefunzwa kwa picha nyingi mno za waliougua na wasiougua, na kila picha mpya inaipima inavyofanana na zile za wagonjwa. Namba ikivuka kiwango kilichowekwa, mtu anaombwa makohozi. Makohozi ndiyo yanayothibitisha, na mashine ya kupima vinasaba kama GeneXpert hutoa majibu kwa muda usiozidi saa mbili.

Sasa sikiliza tulipokwama. Alichotoa mzee siku ile kilikuwa mate matupu, akapewa kikopo aende nacho nyumbani. Kesho yake akakirudisha zahanati, akaambiwa majibu atapigiwa simu. Namba aliyoandikisha ilikuwa ya mwanawe, na mwanawe alikuwa amebadilisha laini. Programu ilimwona kwa chini ya dakika moja. Watu walimpata baada ya wiki tatu.

Hapakuwa na mkosaji. Ni mambo yanayotokea katika nyumba zetu zote. Lakini je, namba uliyoandikisha kliniki mwaka ule bado ni yako? Na ya mama yako? Ukipita zahanati wiki hii, hata kwa jambo jingine, waombe waitazame.

Na kikopo je? Wengi hatujawahi kufundishwa. Ni asubuhi, kabla ya chai. Sukutua kwa maji. Toka nje penye hewa, usimame mbali na watoto. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka chini kabisa kifuani, si kooni. Kinachotakiwa ni kizito. Mate mepesi yanakurudisha foleni bure. Funga kifuniko vizuri, upeleke siku hiyo hiyo.

Ukiwa umewahi kutibiwa kifua kikuu, sema kabla hujapigwa picha. Kovu la zamani linaweza kuichanganya programu ikadhani ni ugonjwa mpya. Wachimbaji nao waseme kazi yao, maana vumbi la mawe huacha alama zake kwenye mapafu. Mashine haijui ulikopita. Wewe ndiye wa kuisimulia, kupitia kwa mhudumu aliye mbele yako.

Watoto wadogo tusiwaachie programu hiyo, pendekezo lile la mwaka 2021 halikuwahusu. Kwao tazama kadi ya kliniki: mtoto asiyeongezeka uzito, na nyumbani kuna mtu anakohoa, apelekwe pamoja na huyo anayekohoa.

Wewe mwenye duka la dawa, unamjua mteja anayerudi mara ya tatu kwa chupa ile ile ya dawa ya kikohozi. Mwambie kwa upole, "Kaka, hii imepita wiki mbili, kapime kwanza." Utakosa kuuza chupa moja, najua. Na wewe mwenye kiwanda au gereji, mfanyakazi akiomba nusu siku kwenda kupiga picha ya kifua, mpe bila kumuuliza mbele ya wenzake. Kinachowazuia baadhi ya watu ni aibu, na aibu hiyo ni sisi tunaoweza kuipunguza. Dawa ni bure katika vituo vyetu vya serikali. Kwa kifua kikuu cha kawaida ni miezi sita, bila kuruka.

Miezi sita ni mirefu. Mwezi wa pili kikohozi kimeisha, mtu anajiona mzima, anaanza kusahau. Hakuna programu itakayobisha hodi saa moja asubuhi kuuliza kama umemeza. Jirani anaweza.

Mzee wangu yuko mwezi wa nne wa dawa. Zahanati walipotaka namba ya pili ya mtu wa karibu, aliwapa yangu bila hata kuniuliza, nikaja kujua nilipopigiwa. Asubuhi huwa ananiona kwa mbali, anainua kikombe chake cha maji juu, ananionyesha kuwa kiko tupu, kisha anakwenda kuwafungulia kuku.